Mama mwenye kiharusi na nyumba mbili za wazee Nakuru: nitajuaje atatunzwa vizuri?

SWALI: Sista, habari ya kazi. Mama yangu ana miaka 76. Mwaka jana alipatwa na kiharusi nyumbani Kimilili, upande wa kulia ukapooza na maneno yakampotea. Anaelewa ukiongea, lakini kujibu ni shida. Nimekaa naye hapa Nakuru, Section 58, miezi minane. Wasichana wa kazi watatu wameshaondoka, na mimi kazi yangu ni ya zamu. Kaka yetu aliye Minnesota yuko tayari kulipia nyumba ya wazee, na anauliza hizi za hapa zina nyota ngapi kama za kule. Nimetembelea mbili. Ya Milimani ni nzuri sana: vigae, televisheni kubwa, usafi, na nilipofika saa tano asubuhi palikuwa kimya kabisa, wazee wamepumzika. Ya pili iko upande wa Bahati, nyumba ya zamani ya mabati, sakafu imechakaa, wazee wako nje juani wanabishana, na mama mmoja alikuwa analishwa uji na msichana aliyeketi kwenye kigoda. Ndugu zangu wote wanasema Milimani. Mimi moyo haujatulia. Nitajuaje mahali mama atatunzwa vizuri?

JIBU: Dada yangu, pole kwa kuuguza. Miezi minane ya kumnyanyua mtu mzima kitandani na bado uamkie kazini si mchezo. Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na sita, mingi yake kwenye wodi za wanawake Kisumu na baadaye hapa Nakuru, na siku hizi familia huniita niende kuwaangalia wazee wao kwenye nyumba kama hizo ulizotembelea. Nitakujibu kama ningemjibu mdogo wangu wa tumbo moja.

Tuanze na kaka. Huko Marekani serikali huzipa nyumba za wazee nyota, moja hadi tano, tangu 2008. Huangaliwa mambo matatu: wakaguzi walikuta nini, wahudumu ni wangapi kwa kila mzee, na wazee wenyewe wana hali gani, kama vile wangapi wana vidonda na wangapi wameanguka. Hata kule, kwa miaka kadhaa idadi ya wahudumu ilikuwa inajazwa na nyumba zenyewe, mpaka zilipotakiwa kuonyesha rekodi za mishahara. Kwetu hakuna orodha ya nyota. Mwambie kaka kwamba mkaguzi ni wewe, na hayo mambo matatu utayakagua kwa macho, pua na mkono.

Mwambie pia asichanganyikiwe na majina. Ukiona kwetu bango limeandikwa Nursing Home, mara nyingi ni hospitali ndogo ya binafsi, pengine ya kina mama kujifungua. Leseni yake ya kulaza wagonjwa ni halali kabisa, lakini haisemi lolote kuhusu kumgeuza mzee usiku wa manane.

Na hao ndugu wakianza kunong'ona kwamba unamtupa mama, wasomee Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010. Kinasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali. Mtoto anayezunguka nyumba mbili akiuliza maswali kama yako hajamtupa mtu.

Sasa swali lenyewe. Ukirudi kwenye nyumba hizo, usimwangalie mzee anayekuja kukusalimu mlangoni. Huyo anajisemea, akinyimwa chai atapiga kelele, na binti yake atasikia kwa simu jioni hiyo hiyo. Mtafute yule wa kitanda cha mwisho, asiyeweza kusema wala kujigeuza, na ambaye pengine hajatembelewa tangu Krismasi. Jinsi anavyotunzwa yeye ndivyo mama atakavyotunzwa siku ambayo wewe uko kazini. Mama yako hana maneno. Kwa hiyo yuko karibu zaidi na yule wa kitanda cha mwisho kuliko na huyu wa mlangoni, na ndiyo maana nakusisitizia.

Omba uonyeshwe chumba chake. Msalimu. Mwombe ruhusa, yeye au mhudumu aliye naye, uangalie miguu yake. Miguu haina aibu kama sehemu nyingine za mwili, na kisigino hakidanganyi. Mtu anayelala chali bila kugeuzwa huanza kuumia pale mfupa unapobana ngozi: visigino, kiunoni juu ya makalio, nyonga, viwiko. Utasikia watu wakisema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu ni vigumu kuuona. Utaona weusi uliokolea au rangi ya zambarau, na ukipitisha mgongo wa mkono utasikia joto kuliko ngozi ya jirani, au pagumu, au pamelegea kama embe lililoiva kupita kiasi. Ukiona hivyo, kidonda kimeshaanza chini hata kama ngozi haijapasuka. Kisigino kilichopakwa mafuta, kikawekewa mto mdogo chini ya shavu la mguu ili kisiguse godoro, ni kazi ya mtu anayejua anachofanya. Nikikiona hicho kwenye nyumba ya mabati, naiheshimu nyumba hiyo.

Usikose kuuliza hesabu ya usiku, maana mchana kila nyumba ina watu. Uliza: usiku mna wahudumu wangapi, na wazee wasioweza kujigeuza ni wangapi? Tuseme ni wanane. Kila mmoja anatakiwa kugeuzwa kila saa mbili hivi. Katika zamu ya saa kumi na mbili hiyo ni mara sita kwa kila mtu, jumla mara 48. Kumgeuza mtu mzima vizuri, kumpangia mito, kukausha ngozi na kubadilisha daipa ikiwa imelowa ni dakika kumi kwa watu wawili. Dakika 480. Yaani saa nane kati ya kumi na mbili zimeisha kwa kugeuza peke yake, kabla hata mzee mmoja hajaomba maji au kushikwa na kikohozi. Kwa wahudumu wawili inawezekana kwa shida. Kwa mmoja haiwezekani, na yeyote atakayekuambia inawezekana hajawahi kuifanya. Wengine watakujibu kwamba wana magodoro ya hewa. Ni mazuri, yanasaidia sana, lakini mtu bado lazima ageuzwe, na stima zikipotea godoro hilo linalala chini kama chapati.

Nije kwenye ule ukimya wa Milimani, kwa sababu ndilo neno lililonishtua kwenye barua yako. Saa tano asubuhi wazee wote kimya, wote wamelala. Kwa kawaida saa hizo mzee amekunywa uji, ameoga, anauliza saa ngapi, anamgombeza mwenzake kwa kiti. Inawezekana ulifika baada ya mazoezi, wakachoka. Sitaki kuwahukumu watu nisiowaona. Lakini nyumba yenye wazee wengi na wahudumu wachache hupata kishawishi kikubwa cha kutuliza watu kwa dawa. Kuna vidonge vya usingizi, kuna vya mzio vinavyolevya, na kuna dawa za wagonjwa wa akili ambazo hupewa wazee wenye ugonjwa wa kusahau ili wasitangetange. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza aina mpya za dawa hizi za mwisho ziwekewe onyo zito kabisa, kwa sababu zilionekana kuongeza vifo kwa wazee wenye ugonjwa huo. Mara chache daktari huwa na sababu nzuri ya kuziandika. Basi uliza waziwazi: nani anaweza kumpa mama yangu dawa ya kumtuliza, kwa agizo la nani, na mimi nitaambiwa kabla au baada?

Halafu omba kuona jedwali la dawa, hata kama jina la mzee limefunikwa kwa kidole. Sahihi zinatiwa dawa inapomezwa. Nyumba moja niliingia saa sita mchana nikakuta jedwali limetiwa sahihi hadi dawa za saa mbili usiku, na vidonge vyenyewe viko bado kwenye vikopo vyao kabatini. Mhudumu aliniambia anapenda kumaliza karatasi mapema. Mzee wa presha akikosa kidonge usiku huo, nani angejua? Na kwa mtu aliyeshapata kiharusi kimoja, presha iliyoachwa ndiyo njia ya kufikia cha pili.

Sasa nikueleze kikombe, maana hili nimeliona mara nyingi mno na ndilo litakalomhusu mama moja kwa moja.

Nilikuwa nimekaa na bibi mmoja, upande wa kulia umepooza kama mama yako, maneno hana. Mhudumu akaja na chai ya saa nne, akaiweka juu ya stuli iliyo kulia kwa kitanda, akatabasamu, akaendelea na kitanda kinachofuata. Bibi akakitazama kile kikombe. Mkono wake wa kushoto ukavuka kifua polepole, ukafika ukingoni mwa godoro, ukaishia hapo. Akajaribu tena. Nilijizuia nisimsaidie, nilitaka kuona kama kuna mtu atakayerudi. Chai ikaota utando juu. Baada ya karibu nusu saa yule yule mhudumu akarudi, akakichukua kikombe kimejaa, na kwenye daftari akaandika: amekataa chai. Hakuwa mkatili msichana yule. Alikuwa na wazee kumi na wanne na trei moja, na hakuna aliyewahi kumwambia mkono wa bibi unaofanya kazi ni upi. Nilikisogeza kikombe kikaenda kushoto. Bibi alikunywa ile chai baridi yote, na ya pili.

Mzee hasikii kiu kama sisi. Asipopewa maji anakauka kimyakimya: mdomo unakauka, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, anachanganyikiwa, na watu wanasema uzee umemzidi. Kuna nyumba, na hili linaniuma, zinazopunguza maji kuanzia alasiri ili daipa zisilowe usiku. Ukitembea vyumbani angalia kikombe kiko wapi, kina maji, na mwenye kitanda anaweza kukifikia kwa mkono alio nao.

Kuhusu kulisha, yule msichana wa Bahati aliyeketi kwenye kigoda alikuwa anafanya jambo la maana kuliko alivyojua, au pengine alijua. Mlishaji akisimama, mzee huinua kidevu kumtazama, na kidevu kikiinuka njia ya hewa hufunguka zaidi. Uji unaingia mapafuni. Wagonjwa wa kiharusi wengi hufa kwa homa ya mapafu iliyoanza hivyo. Mama anapaswa kulishwa akiwa ameketi wima, kijiko kidogo, kidevu kimeinama kidogo, na abaki ameketi nusu saa hivi baada ya kula. Maji matupu huponyoka kuliko uji mzito, kwa hiyo akikohoa kila anapokunywa, au sauti ikawa kama ina maji ndani, mwambie daktari kabla hujamhamisha. Kaa uone mlo mmoja mzima. Usiridhike na ratiba iliyobandikwa ukutani.

Uliza pia chakula cha jioni ni saa ngapi. Nimekuta nyumba inayowapa wazee chakula saa kumi, saa kumi na moja wote wako kitandani, ili zamu ya mchana imalize kazi na kwenda. Chai ya asubuhi ni saa mbili. Hesabu: saa kumi na sita bila kitu tumboni. Kwa mwenye sukari anayetumia dawa, hiyo ni hatari ya kuzimia usiku.

Kipimo kizuri kuliko maneno yote ni mizani. Nyumba makini humpima kila mzee angalau mara moja kwa mwezi na kuandika. Mama akiwa na kilo 60 kisha akapungua 3 ndani ya mwezi, au 6 ndani ya nusu mwaka, lazima daktari amwone. Ukiuliza uzito ukajibiwa “anakula vizuri tu,” ujue hakuna anayepima.

Karatasi sitazikalia sana. Uliza cheti cha usajili, kibali cha kaunti, vyeti vya afya vya wapishi. La maana zaidi, uliza jina la muuguzi na namba yake ya leseni, kisha ulitafute kwenye rejista ya Baraza la Wauguzi la Kenya, iko mtandaoni. Wengi watakaomhudumia mama watakuwa wahudumu wa kawaida, wengine waliofunzwa wiki chache, na wengi wao wana mikono mizuri na moyo. Lakini lazima awepo muuguzi aliyesajiliwa anayewaelekeza, na ujue anakuja siku ngapi na usiku anapigiwa simu nani. Kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo waulize kama wanaifahamu nyumba hiyo na kama wamewahi kupokea malalamiko.

Hospitali: kwa kiharusi cha pili, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na lazima kichwa kipigwe picha kwanza. Wengi hawafiki kwa muda huo. Kwa hiyo uliza, kwa maneno haya haya: mama akipinda mdomo saa nane usiku, nani ataamua apelekwe PGH, hospitali kuu ya hapa Nakuru, kwa gari gani, na litatoka wapi? Kutoka Bahati ni mwendo mrefu kuliko kutoka Milimani, na hapo nyumba ya vigae ina faida ya kweli. Hakikisha pia usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa kabla hajahamia. Tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na usiku wa manane si wakati wa kugundua kuna kasoro.

Kwa baridi ya Nakuru ya Juni na Julai, waonye wasimwekee chupa ya maji moto upande uliopooza. Hausikii moto vizuri. Nimefunga majeraha ya namna hiyo. Walio Kisumu, Busia au Siaya wanaosoma hapa, kwenu angalieni vyandarua, kila kitanda chake na kimetandazwa, maana ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi zaidi nchini.

Jambo jingine ambalo familia hulisahau ni lugha. Mtu aliyepotewa na maneno mara nyingine huanza kuyapata kwa lugha aliyonyonya nayo. Uliza kama kuna mhudumu yeyote Mbukusu kama watu wa Kimilili, au Mluhya tu wa kumsalimu mulembe asubuhi. Nimemwona mama aliyenyamaza wiki tatu akijibu neno hilo moja, na kila mtu chumbani akageuka. Kama hakuna, waandikie wahudumu maneno kumi kwenye karatasi: maji, choo, inauma, baridi, nimeshiba. Libandikwe juu ya kitanda, pamoja na jingine kwa herufi kubwa: MKONO MZURI NI WA KUSHOTO.

Pesa: ada ya mwezi isikufurahishe mpaka ujue imebeba nini. Daipa nani ananunua, na ngapi kwa siku? Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anakuja mara ngapi, na analipwa kando? Akilazwa hospitalini wiki mbili, kitanda mnaendelea kukilipia? Amana inarudishwa? Yaandikwe yote kwenye mkataba, na kaka atume pesa kwa namba ya nyumba, si ya mtu binafsi.

Unataka nikuchagulie. Kwa barua peke yake, Bahati imenionyesha mikono, na Milimani imenionyesha vigae. Lakini Bahati huenda haina muuguzi usiku, na hiyo sakafu iliyochakaa inaweza kumwangusha mama anayejifunza kutembea na fimbo. Rudi kote kuwili Jumapili hii bila kupiga simu, saa kumi na moja jioni, wakati wa chakula na kubadilishana zamu. Ukizuiwa mlangoni kwa sababu si saa za wageni, uliza kwa upole saa za wageni ni zipi na kwa nini chakula cha jioni hakimo ndani yake. Nyumba itakayokwambia “karibu, tuko jikoni, usijali fujo” imekujibu nusu ya maswali yako.

Siku atakayohamia, mwogeshe mwenyewe pamoja na muuguzi wao. Angalieni ngozi yote pamoja, pimeni uzito, andikeni kwenye daftari na mtie sahihi nyote wawili. Hapo hakuna atakayebishana baadaye kidonda kilitoka wapi. Mwezi wa kwanza gawaneni siku na ndugu zako ili asikae siku tatu bila sura anayoijua, na zisiwe siku zile zile wala saa zile zile kila wiki. Kaka wa Minnesota asiishie kutuma pesa. Apige simu ya video, aone uso wa mama, na aombe simu igeuzwe aone meza iliyo kando ya kitanda.

Ukishafika kote kuwili, niandikie. Niambie kisigino cha yule wa kitanda cha mwisho kilikuwaje, na kikombe kilikuwa upande gani.